Kuni za Redempta

Mwanamke akibeba mimba ya kwanza, kwetu anarudi kujifungulia kwa mama yake, na mama anakata kuni. Hilo halina mjadala. Binti akiingia mlangoni na sanduku lake, mama anatoka na shoka. Kuni hizo hazipikiwi ugali. Zinapangwa ukutani upande wa jua, zinakauka, zinamsubiri mtoto. Siku akizaliwa ndipo moto unawashwa, maji yanachemka asubuhi na jioni, na mzazi anakandwa mgongo na tumbo mpaka mwili urudi mahali pake. Jirani anayepita njiani akiuona ukuta umejaa kuni, anajua binti huyu ana mama.

Binti yangu Redempta aliporudi kwangu, ukutani hapakuwa na kitu. Mama yake, Kristina, nilimzika mwaka ule wakubwa walipotangaza kwamba matibabu sasa tuchangie. Tulichangia. Kitanda kilikuwepo, daktari alikuwepo, na dawa ilikuwa dukani ng'ambo ya barabara kwa wenye nazo. Sitaki kuyarudia hayo. Nayasema ili ieleweke kwa nini mwanamume mzima nilikuwa nahangaika na kuni za uzazi.

Shida ilikuwa kukata. Bega langu la kulia lilivunjwa na gogo la mninga kwenye kiwanda cha mbao cha shirika, hapa hapa Itigi, enzi hizo shirika bado lipo. Mkono unainuka mpaka usawa wa kidevu, hapo unagoma. Shoka kwa mkono wa namna hiyo ni fimbo ya kutembelea. Lakini nilikuwa na mashine.

Ilikuwa mashine ya kupasulia magogo. Injini ndogo ya dizeli inazungusha pampu, pampu inasukuma oili kutoka kwenye tangi, na oili inasukuma jeki ndefu iliyolazwa juu ya chuma. Unalaza gogo, unavuta leva, jeki inalisukuma gogo taratibu mpaka kwenye kabari, na hata liwe gumu vipi litapasuka. Miaka yote niliiendesha mimi, nikipasua vichwa vya magogo kwa ajili ya tanuru la kukaushia mbao. Kisha zikaja siku za ruksa, kila mali ya umma iuzwe. Shirika likauzwa, nasi tukapunguzwa. Neno zuri hilo, kupunguzwa, utadhani tulikuwa matawi ya mchongoma. Mnunuzi akachukua misumeno yote. Mashine yangu akaitazama akasema hii hapana, ya kizamani. Nikaiomba, nikaambiwa chukua. Niliileta nyumbani kwa kuivuta na ng'ombe wa kuazima, watoto wa mtaa mzima nyuma yetu wakipiga vigelegele kama tunaleta bibi harusi.

Basi nikawa napasua. Nilipata vichwa vya magogo ya mti wa mkora vilivyotupwa kiwandani, vyenye mafundo, ambavyo hakuna aliyevitaka. Mkora ukikauka unawaka bila moshi, na moshi haufai kwa mtoto mchanga. Ukuta ulikuwa umefika nusu asubuhi ile mashine iliposimama.

Nilikuwa nimelaza gogo lenye fundo kubwa kuliko kichwa changu. Kabari ikaingia vizuri. Lilipofika katikati jeki ikaanza kutetemeka, pampu ikatoa sauti nyembamba ya kulia, ikalia, ikalia, halafu jeki ikatulia tuli. Injini inanguruma kama kawaida. Nikavuta leva nyuma, haikurudi. Nikasukuma mbele, haikwenda. Gogo limeng'ang'ania kabari, na mimi nimesimama mkono kwenye leva kama dereva wa basi lililokwama mchangani.

Nikazima. Melkizedeki alikuwa anaingia uani wakati huo. Tulifanya kazi pamoja shirikani. Sasa alikuwa mlinzi wa kiwanda kile kile, akimlindia mnunuzi. Kila asubuhi akitoka lindoni alipitia kwangu kunywa chai ya Redempta.

"Imekufa?" akauliza.

"Haijafa. Imeuawa."

"Na nani tena, Urbano?"

"Unaniuliza mimi? Na hao waliouza karakana na vipuri vyake vyote. Nchi nzima hakuna oili ya haidroliki. Vitenge vipo, redio zipo, biskuti za Uarabuni zipo, oili hakuna. Huo ndio utawala?"

"Wewe hata kuku akitaga yai bovu utamtafuta waziri."

Redempta alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua choroko. Akacheka huku ameshika tumbo. "Baba Mdogo, usimchekeshe mtu mwenye mzigo."

"Kunywa chai yako uende ukalale," nikamwambia Melkizedeki.

Hakwenda kulala. Naye mashine ikiharibika ulimi unamwasha.

Kabla sijashika spana akaja Yunisi. Yunisi alikuwa mkunga wa zahanati mpaka naye alipopunguzwa. Tangu hapo akinamama walimfuata nyumbani kwake, maana mikono yake haikupunguzwa. Alimlaza Redempta ndani, akampima, akatoka anajifuta mikono. Akautazama ukuta.

"Tumbo limeshuka, Baba Redempta. Ni leo au kesho."

"Nimesikia."

"Sasa hizi ndizo kuni? Hizi ni za kuchomea mahindi."

"Mashine imegoma, dada."

"Mimi nitakuja na mikono yangu. Moto na maji ni vya kwenu. Mtoto yule hana mama wa kumkanda, nitamkanda mimi. Lakini sitamkanda kwa maji ya mtungini." Akaondoka bila kuaga vizuri. Ndivyo alivyo, na hakuna mtu Itigi anayemchukia.

Nikaanza kuitafuta hitilafu. Kuna watu mashine ikisimama wanaanza kufungua kila nati wanayoiona, na jioni wana ndoo ya nati na mashine imelala pale pale. Mimi huuliza kitu kimoja kimoja. Injini inazunguka? Inazunguka, basi nimeachana nayo. Inazungusha pampu? Nikaweka mkono kwenye kiungo chake, hakuna kilichokatika. Mipira ya presha inavuja? Nikaipapasa yote kwa kitambaa kikavu, kitambaa kikabaki kikavu. Pampu kulia vile ni dalili kwamba inanyonya hewa au inanyimwa oili. Nikamwambia Redempta anipigie povu la sabuni. Nikalipaka kwenye maungio ya mpira wa kunyonyea, nikawasha injini. Pangekuwa na upenyo, povu lingevutwa ndani. Lilikaa pale pale likimeremeta.

"Basi ni oili," Melkizedeki akasema.

"Nilikwambia oili hakuna. Ilikuwa chini ya alama tangu wiki iliyopita."

Nikachomoa kijiti cha kupimia. Tangi lilikuwa limejaa.

Nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Limejaa mpaka juu, na kile kilichoshika kwenye kijiti kilikuwa cheupe kama uji wa mtoto. Nikafungua kifuniko. Povu likapanda.

Hapo ndipo damu iliponichemka. "Maji! Wamenitilia maji! Ni yule mnunuzi wako, Melkizedeki. Ameona najipatia kuni kwenye mashine aliyoikataa, akamtuma mtu aje aiue. Hawakutosheka kutufukuza. Hawakutosheka na Kristina. Sasa wanakuja mpaka uani kwangu!"

Melkizedeki aliinama kwenye tundu la tangi akanusa. Akanusa tena.

"Urbano."

"Nini?"

"Maji hayanuki hivi. Hii ni sambusa."

Nikanusa na mimi. Kweli, lilinuka jiko, lilinuka maandazi ya alfajiri. Nikageuka, nikamwona Redempta amesimama, ungo umeanguka, choroko zimetapakaa mkekani.

"Baba, ni mimi."

Sikumwelewa.

"Kila jioni ulikuwa unasema mashine ina kiu, mashine ina kiu, na oili haipatikani mpaka labda Shelui kwa madereva wa malori. Na mimi naona hapa watu wanalainishia alizeti kila kitu. Minyororo ya baiskeli, bawaba, hata cherehani. Nikasema nayo itakubali. Ulikuwa umekwenda kanisani. Nilitia dumu lote."

Dumu hilo nililijua. Mama mkwe wake alilikamua mwenyewe kwa mashine ya mkono, akalileta kwa miguu, mafuta ya uzazi, ya kuunga mboga na kutia kwenye uji wa mzazi apate nguvu. Mume wa Redempta, Festo, alikuwa Sekenke anachimba dhahabu ambayo bado hajaiona. Yale ndiyo yalikuwa mafuta yake yote.

"Ungekula nini ukishazaa?" nikamuuliza.

"Ningekula tu. Nilitaka umalize ukuta, uache kujiumiza bega. Usiku nakusikia unavyougulia."

Alikuwa amesimama mkono mmoja kiunoni kwa nyuma, mguu mmoja umepumzika. Kristina alisimama hivyo hivyo akiwa na mimba ya Redempta. Mimi nilikuwa na hasira imejaa mdomo mzima, na ghafla sikuwa na mahali pa kuitema. Nikamwokotea ungo.

"Kaa chini, mama," nikamwambia. "Umeinywesha chakula chako mwenyewe. Ni mashine tu hii, haikujua kushukuru."

Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Melkizedeki akakohoa.

"Haya, sasa mlaumu waziri."

"Nitamlaumu. Oili ingekuwa dukani, mtoto angetia alizeti?"

"Hapo umenishinda," akasema, akavua koti lake la ulinzi.

Tukafungua bolti ya chini, tukamwaga ile takataka yote kwenye beseni. Nikaingiza mkono tangini, nikatoa chujio. Alizeti ya kukamua kwa mkono haikosi machicha. Yale machicha yalikuwa yamejibandika kwenye wavu wa chujio na moto wa oili umeyapika, yamekuwa kama ukoko wa ugali. Pampu ilikuwa inanyonya kupitia ukuta. Nikalilowesha chujio kwenye mafuta ya taa, nikalisugua kwa mswaki mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Tangi nikalifuta kwa matambara.

Oili mpya ndiyo ilikuwa kazi. Melkizedeki akasimama, akajikuna shingo.

"Kijiko kile kibovu cha kubebea magogo pale kiwandani," akasema. "Wiki ijayo kinakatwa, kinauzwa chuma chakavu. Oili ya jeki zake waliniambia niimwage shimoni."

"Na kazi yako?"

"Nimeambiwa niimwage. Hawakusema shimo gani."

Akachukua baiskeli yangu na madumu, akaenda. Akarudi jua limesogea, madumu yamejaa, na oili yenyewe ilikuwa bado nzuri, nyekundu ya kung'aa, ila ilikuwa na mchanga na kutu. Ukitia ile ilivyo, pampu itasaga mchanga na itakufa kweli. Ilitaka kuchujwa. Nikajaribu chandarua cha zamani, matundu makubwa. Nikajaribu shati, oili ikagoma kupita.

Redempta akaingia ndani. Akatoka na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, kimekuwa cha manjano kwa umri. Nilikijua kabla hajakikunjua. Kristina alikuwa anachujia asali nacho. Warina asali walimletea kutoka porini huko Rungwa, naye alichuja msimu mzima, mikono inanata mpaka viwikoni. Kilikuwa sandukuni tangu msiba, na sanduku sikuwa nalifungua.

"Hicho hapana," nikasema.

"Baba."

"Hapana, Redempta. Kikipita oili hakitakuwa kile tena."

"Ni cha mama. Na kuni hizi ni kazi ya mama." Akakitandaza juu ya ndoo, akakifunga kamba pembeni, kwa utaratibu kabisa. "Unadhani angekificha sandukuni, mimi nikikandwa kwa maji ya baridi? Angekuwa ameshakichana vipande."

Melkizedeki aliangalia pembeni. Nikashika dumu, nikamimina. Oili ikakaa juu ya kitambaa, ikafikiri, kisha ikaanza kushuka polepole, uzi mmoja mwekundu, safi. Mchanga ukabaki juu. Kitambaa kilitoa harufu ya asali kidogo, halafu ikaisha. Redempta alikuwa amekishika ukingo upande wake, mimi upande wangu.

Ndoo ya mwisho ilikuwa haijaisha Redempta akasema, "Aa," taratibu kama mtu aliyesahau kitu sokoni. Akatazama chini. Vumbi miguuni pake lilikuwa limelowa.

Melkizedeki alipanda baiskeli kabla sijamwambia. Yunisi akaja amekaa nyuma, ameshika mfuko wake, anamgombeza kwa mwendo. Wakamwingiza ndani, mlango ukafungwa, Melkizedeki akaenda kuwaita akinamama wa jumuiya. Mimi nikabaki uani na ndoo.

Kwa desturi baba anaondoka. Baba hasikii binti yake akizaa, ni aibu kwake na kwa binti. Anakwenda kwa rafiki, anakaa huko mpaka aitwe. Mama ndiye anayebaki. Sasa mimi nilikuwa baba na tena mama, nikiondoka nani atoe kuni? Nikajipa kazi ya kumimina oili tangini bila kutazama mlango. Ndani kimya. Kimya hicho hakikunipendeza.

Yunisi akatoka, jasho limemjaa.

"Baba Redempta, ondoka."

"Niende wapi na maji hayajachemka?"

"Binti yako anajibana! Anatafuna kanga, hataki kutoa sauti. Namwambia lia, anasema baba yuko dirishani. Nguvu yote inaishia kwenye meno. Nitazalisha meno mimi?"

Akaitazama mashine.

"Hiyo kitu inawaka?"

"Injini inawaka. Jeki sijui bado."

"Iwashe. Ipige kelele mpaka stesheni wasikie. Nitamwambia baba yake hasikii kitu."

Nikawasha. Pampu ikaanza tena kulia kilio chake chembamba, maana hewa ilikuwa imejaa kwenye mipira. Hapo mtu akilazimisha anaiharibu. Nikalegeza nati kwenye kichwa cha jeki, nikasogeza leva kidogo kidogo. Ikatema hewa, ikatema povu, ikatema hewa tena. Nikawa nasema nayo kama mwendawazimu, njoo mama, njoo taratibu, na nadhani sikuwa nasema na mashine. Kisha pale kwenye nati ikatoka oili nzima, nyekundu, bila hata kiputo kimoja. Nikakaza. Kilio cha pampu kikaisha, kikawa mngurumo.

Nikavuta leva. Jeki ikakaza kwenye lile gogo lililokwama, injini ikainama, moshi mweusi ukapanda. Fundo likakataa. Nikashikilia. Halafu likapasuka kwa mlio uliowarusha kuku wa jirani, vipande viwili, ndani vyekundu kama nyama.

Sikusimama. Nilipasua gogo moja baada ya jingine kwa mkono wa kushoto. Akinamama walikuwa wamefika, wanachukua kuni miguuni pangu, ndiyo kwanza zimepasuliwa, pamoja na zile kavu za ukutani, wanakwenda jikoni, moshi unapanda, maji yanaingia ndani kwa ndoo. Hakuna aliyesema nami, tusingesikiana. Lakini mashine ile ina tabia moja. Jeki ikisukuma, injini inanguruma kwa nguvu zote. Jeki ikiwa inarudi, injini inapumua, sauti inashuka. Katika kule kushuka nilimsikia mwanangu. Alikuwa analia sasa, kwa sauti yake yote, na alikuwa anamwita mama yake.

Basi kila jeki iliporudi nilijitahidi kuipa gogo jingine haraka, asije akajua kwamba namsikia.

Magogo yakaisha. Nikawa narudia vipande, navifanya viwe vidogo, vidogo zaidi, mpaka ikawa vijiti vya kuwashia jiko. Yunisi alikuja akasimama mbele yangu, akapitisha mkono shingoni, zima. Sikuzima. Nilikuwa naogopa. Mara ya mwisho kukaa kwenye ukimya nikingoja mtu atoke mlangoni, kule hospitali kwa Kristina, aliyetoka alikuwa na uso wa kutazama chini, na akaniita mzee. Mashine ikiwa inanguruma hakuna habari mbaya inayoweza kunifikia.

Yunisi akaja mpaka sikioni.

"Msichana!" akapiga kelele. "Wote wazima! Zima hicho kidude, unamtisha mjukuu wako!"

Nikazima. Masikio yalikuwa yanavuma. Polepole uani pakarudi: kuku, sufuria jikoni, treni ya mizigo mbali inapiga honi, na ndani sauti ndogo yenye hasira, inalalamika kama mimi.

"Baba?" Redempta akaita kutoka dirishani. Alikuwa amekauka koo.

"Naam, mama."

"Shikamoo."

"Marahaba. Pole na kazi."

"Na wewe pole. Baba, ulisikia?"

Nikaondoa mkono wangu kwenye leva.

"Ningesikia nini na makelele haya? Hata jina langu nimelisahau."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nikamsikia anashusha pumzi. Kisha akinamama wakaanza kumkanda, nikasikia maji yakimiminika ndani ya beseni, ya moto, mengi. Mimi nikainama nikaanza kuokota kuni.